KUJITOLEA SI MSHAHARA

Ndugu wauguzi na wafanya kazi wote,

Kuna neno limezoeleka hapa Burnt Forest mpaka Eldoret, nasi twataka kulijibu wazi. Muuguzi mpya akitoka chuoni na cheti chake, ameandikishwa na Baraza la Wauguzi na leseni ameilipia, huambiwa: "Njoo ujitolee kwanza, halafu tutaona." Akisoma matangazo ya kazi akuta yanataka mtu aliyekwisha fanya kazi miaka miwili. Ataipata wapi miaka hiyo ikiwa kila mlango wataka aingie nayo?

Twauliza: huyo anayejitolea hufanya nini? Hupima presha, huchoma sindano, huzalisha akina mama, hukesha zamu ya usiku katika baridi yetu hii. Lori likipinduka kwenye barabara kuu ya Nakuru na Eldoret, majeruhi hawaulizi nani ni wa kudumu na nani ni wa kujitolea. Naye akikosea dawa, Baraza litamwita kama muuguzi kamili. Basi kwa lawama ni muuguzi kamili, kwa mshahara ni mwanafunzi!

Mkulima wa hapa apelekapo maziwa kiwandani haambiwi, "Mwaka wa kwanza tupe bure tuyaonje." Gunia la viazi halitoki shambani kwa ahsante. Kwa nini kazi ya muuguzi ndiyo iwe ya bure?

Wakubwa husema fedha hazitoshi. Twajua tangu mwaka 2013 kazi ya afya iko mikononi mwa kaunti, na haja ni nyingi. Lakini mwenye kuuza petroli ya gari la wagonjwa haambiwi ajitolee, wala mwenye kuleta dawa. Upungufu hubebeshwa yule asiye na wa kumsemea. Hiyo si shida ya fedha peke yake, ni shida ya nani anayeogopwa na nani asiyeogopwa.

Wazee wetu waliyaona haya. Ripoti ya Holmes ya mwaka 1948 ilitaka mtumishi wa Serikali asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Ripoti ya Lidbury ya mwaka 1954 ikaivunja kanuni hiyo. Rangi imeondoka, lakini ubaguzi wa mshahara umeingia kwa mlango wa nyuma. Wodi ni moja, kazi ni moja, lakini huyu ni wa kudumu, huyu ni wa mkataba, na yule hana hata senti. Walioajiriwa mwaka 2020 kwa mpango wa Afya kwa Wote walipewa mikataba ya miaka mitatu. Mwaka 2025 walikuwa wangali barabarani Nairobi wakidai kazi ya kudumu.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kazi zenye thamani moja zilipwe sawasawa. Yasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Yasema muda wa majaribio usizidi miezi sita, ila mfanya kazi mwenyewe akubali kuongezewa. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, ya kuingia chama na ya kugoma.

Kwa hiyo, kijana, kabla hujavaa sare, uliza mambo matatu: barua ya kazi iko wapi, daraja langu ni lipi, na karatasi ya mshahara nitaipata lini. Usione haya kuuliza. Mwenye nia njema atakujibu.

Na ninyi wauguzi wa zamani, msiseme, "Sisi tumekwisha ajiriwa." Mwaka 2017 wauguzi waligoma toka tarehe 5 Juni hadi 2 Novemba, karibu miezi mitano, bila mshahara. Jasho lile litakuwa bure ikiwa mlangoni pana watu wanaofanya kazi ile ile kwa sifuri. Bei ya chini kabisa ndiyo itakayowavuta nanyi chini. Madaktari walilielewa hilo: mwaka 2024 waligoma siku 56, na jambo moja kubwa lilikuwa ujira wa madaktari wanaoanza. Serikali ilitoa shilingi 70,000. Mapatano ya mwaka 2017 yalisema zaidi ya 200,000. Jambo hilo halikuisha siku walipoingia kazini, lakini wakubwa hawakuwaacha wadogo wao peke yao.

Basi kila mwanachama amtafute muuguzi mmoja mpya wodini mwake, amwulize kama ana barua, kisha amlete mkutanoni. Asiyelipwa leo ndiye kipimo cha mshahara wetu wa kesho.

Umoja ni nguvu.