VIJANA WA RUKWA NA UDAKTARI WA UHANDISI

Kutoka Kaoze bondeni hadi Sumbawanga juu Ufipa, wapo vijana wetu waliokwisha kupata shahada ya uhandisi, nao hujiuliza neno moja: nikiomba kusomea udaktari, nitakubaliwa? Wengi hujijibu wenyewe kabla ya kuomba. Hutazama alama zao, hukumbuka shule ya kata walikotoka, kisha hukunja jamvi. Sisi twasema huko ni kujinyima haki kabla hujanyimwa na mtu.

Hatusemi kwamba alama si kitu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam humtaka mwombaji awe na shahada ya pili iliyo nzuri, na aliyepita kwa shida asijidanganye. Heri afanye kazi kwanza, arudi na kitu alichokibuni au kukichunguza. Lakini alama humfikisha mtu mlangoni tu. Ndani huulizwa jingine: unataka kuchunguza nini, na yuko profesa gani anayelitaka swali hilo? Ujerumani, mara nyingi mwombaji humtafuta profesa kwanza. Marekani, vyuo vingi vya uhandisi huchukua hata mwenye shahada ya kwanza, tena humlipia ada na kumpa posho, kwa kuwa profesa ana fedha za utafiti na anahitaji mtu wa kuifanya kazi. Basi kijana anayelinganisha alama zake na za mtoto wa London, akakata tamaa, anapima mahindi kwa futi kamba.

Na maswali, ndugu, tunayo tele. Wazee wa Ufipa walijenga malungu, tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, zilizoyeyusha mawe ya chuma kwa upepo uliojivuta wenyewe bila mivukuto. Huo ulikuwa uhandisi. Mtanzania mwenzetu, Bertram Mapunda, aliuchunguza ufuaji chuma wa huku kwetu akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995. Mwaka 2016 dunia ikatangaziwa kwamba bonde la Rukwa lina gesi ya heliamu, na miongoni mwa waliofanya utafiti huo alikuwamo mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza. Hatumwonei kijicho, alitoka jasho. Ila gesi imo chini ya nyayo zetu, na kijana wa bondeni bado adhani hana la kumwandikia profesa! Liko Ziwa Rukwa, lisilo na mto wa kulitoa maji, ambalo hufura na kunywea. Uko umeme wa Sumbawanga, ulionunuliwa Zambia miaka mingi. Kila kimoja ni kazi ya mhandisi.

Wako watakaosema mambo haya si ya watu kama sisi. Mwaka 1961 chuo chetu kikuu kilianza na sheria peke yake, ndani ya jengo la TANU. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi au ng'ambo, hadi kitivo cha uhandisi kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1973. Leo udaktari wa uhandisi hutolewa hapo hapo, na Arusha Taasisi ya Nelson Mandela imekuwa ikipokea wanafunzi wa shahada za juu tangu 2011.

Kinachowaangusha vijana wetu hasa ni vitu vidogo. Ada ya maombi, ambayo kwa vyuo vingi vya Marekani ni dola 50 na zaidi kwa kila chuo. Mtihani wa Kiingereza, nao hulipiwa kwa dola. Na barua za walimu: barua isemayo tu kwamba kijana alihudhuria vizuri haimfikishi popote. Walimu wetu waandike alichofanya, si tabia yake ya darasani.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Halmashauri za Rukwa zitenge fedha za kulipia maombi ya vijana wenye maswali yaliyokwisha kuandikwa vizuri. Ni fedha ndogo kuliko posho za semina. Na COSTECH, ambayo ndiyo itoayo vibali vya utafiti kwa wageni, iweke sharti: anayekuja kuchunguza bonde letu aje na nafasi moja ya udaktari kwa Mtanzania, ada na posho zikiwa zimekwisha kulipwa, na nafasi hiyo itangazwe Sumbawanga kabla ya kutangazwa kwingine.