Bariadi Ngoma Wanazo, Sauti Wanapakua Marekani!

Kuna vijana wa Bariadi wanatengeneza katuni, wanajijua. Ng'ombe wa Kisukuma akikurupuka, inalia ile sauti ya miguu ya The Flintstones, katuni ya Marekani ya 1960! Hanna-Barbera waliirudia hadi kwenye Scooby-Doo, 1969, lakini ghala la sauti lilikuwa lao. Hawa wanapakua kimyakimya, wakati Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda mpaka sauti iliyorekodiwa. Video ikishushwa wasitafute mchawi.

Aibu zaidi, sauti yenyewe ni ngoma tu zimepigwa kwa viganja! Kwa Wagika na Wagalu ngoma zimekosekana? Simu wanazo, waende mnadani, waende viwanda vya pamba, warekodi. Mtoto wa Bariadi naye asikie kwao.

Wadau, mnasemaje?