Mali bila daftari: wakili wa mbegu zetu tutamtoa wapi?

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilidhani msemo huo ni wa wenye maduka ya Biashara Street. Safari yangu ya Kitale na Bungoma imenionyesha kuwa ni wa wakulima pia, na kwamba daftari lenyewe siku hizi linaandikwa na wakili.

Kitale ndiko makao ya Kenya Seed Company, iliyoanzishwa mwaka 1956. Ukiingia duka la pembejeo mjini humo, watu hawaulizi mahindi, wanataja namba: 614, 6213. Sisi Pwani tunawajua kwa PH1 na PH4, Pwani Hybrid tunazopanda Kilifi na Kwale. Itazame ile pakiti. Jina na nembo vinalindwa na sheria ya alama za biashara. Mbegu iliyomo ndani inaweza kulindwa kwa haki ya mzalishaji wa mbegu, inayotolewa na KEPHIS. Juu yake kuna kibandiko chenye namba ya siri, ukwangue ujue kama ni halali. Hapo pana kazi ya mtaalamu wa kilimo, na pana kazi ya mwanasheria.

Kutoka hapo nikashuka Bungoma, hadi soko la Chwele. Mama mmoja alikuwa akipima wimbi na maharagwe kwa gorogoro. Nilipomuuliza mbegu alipata wapi, akaniambia ni za mama mkwe wake, zinahifadhiwa juu ya moshi wa jiko. Nikacheka, kwa sababu hata kwetu Kaloleni mahindi ya mdzihana hutunzwa darini vivyo hivyo. Mama huyu hana pakiti, hana namba, hana karatasi yoyote.

Kwa miaka mingi karatasi hiyo ingeweza kumfunga. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, kama ilivyorekebishwa 2012, ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa: kifungo hadi miaka 2, au faini hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 wakaenda mahakamani, na tarehe 27 Novemba 2025 Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu ya Machakos akaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Kifungu cha 11 cha Katiba kinataka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kienyeji.

Tufurahi, lakini tusilale. Hukumu imefungua pingu, haijaandika daftari. Ili mbegu ipate haki ya mzalishaji ni lazima iwe mpya, iwe tofauti na nyingine, ifanane yote, na isibadilike kizazi hadi kizazi. Wimbi la yule mama si jipya, na uzuri wake ni huko kuchanganyika kwake. Kwa hiyo yeye hawezi kulisajili. Lakini mwenye maabara akilichukua, akalichuja na kulisafisha, anaweza kusajili anachokipata. Na chini ya mkataba wa UPOV wa 1991, ambao Kenya ilijiunga nao 2016, ulinzi huo haupungui miaka 20.

Si jambo geni. Mahindi chotara ya 611, yaliyotoka Kitale mwaka 1964 na kubadilisha kilimo cha nchi hii, mzazi wake mmoja ni Ecuador 573. Jina lina nchi na lina namba. Mkulima wa Ecuador aliyeitunza mbegu hiyo hayumo.

Ndiyo maana nauliza kuhusu mawakili. Wakili wa hakimiliki nchini Kenya hupitia njia ile ile ya mawakili wote: shahada ya sheria, Kenya School of Law, miezi 6 chini ya wakili mzoefu, kiapo, kisha leseni ya kila mwaka. Katika masomo 16 ya lazima ya shahada hiyo, hakimiliki haimo kama somo la kujitegemea. Atakayeijua ameichagua mwenyewe, na mara nyingi ameisomea kazini, Nairobi, akihudumia kampuni zenye uwezo wa kumlipa. Simlaumu, kila mtu hula kwa jasho lake. Ila mtu aliyefunzwa upande mmoja wa pakiti si rahisi aone upande wa gorogoro.

Wapwani tulipaswa kulijua hili mapema. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara huko. Kikoi chetu! Ombi hilo lilikufa kwa sababu walikuwepo watu waliojua mlango wa kubisha na karatasi ya kujaza. Kelele za barazani peke yake zisingetosha.

Na mlango wa nyumbani upo. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi ya 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kuwa na rejista ya maarifa hayo. Basi swali langu ni kwa magavana wa Bungoma na Trans Nzoia, na wa Kilifi, Kwale na Mombasa vilevile: rejista iko wapi, na wakili wa kuiandika ni nani? Kaunti huajiri mawakili wa kesi za ardhi na zabuni. Iajiri na mmoja wa mbegu, na mnapomhoji msitosheke na vyeti ukutani. Muulizeni amewahi kumtetea nani. Muulizeni kama anaweza kukaa na mama wa Chwele asubuhi nzima, amsikilize, aandike jina la mbegu kama yeye anavyoliita, na jina la aliyempa.

Maana mama mkwe yule ameshafariki. Anayekumbuka mbegu ilikotoka amebaki mmoja, na daftari bado ni jeupe.