Mikupuo miwili ya Januari 2028: halmashauri yetu inasubiri nini?



Naiuliza halmashauri yetu jambo moja: Januari 2028 watoto wetu watakaa wapi?

Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 ndio watakaokuwa wa kwanza kumaliza elimu ya msingi kwa miaka sita, chini ya mtaala mpya. Watahitimu mwaka 2027. Mwaka huohuo kaka na dada zao wa mtaala wa zamani watamaliza darasa la saba. Kwa hiyo kidato cha kwanza cha 2028 kitapokea mikupuo miwili kwa mpigo. Miaka ya karibuni mkupuo mmoja tu umekuwa ukipeleka sekondari watoto wapatao milioni moja nchi nzima. Na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, hivyo hakuna mtoto wa kuambiwa abaki nyumbani.

Wizara ya Elimu imelisema hili hadharani. Watoto wenyewe wapo, majina yao yameandikwa kwenye madaftari ya mahudhurio, na mwalimu mkuu yeyote anaweza kuwahesabu kabla ya kengele ya mapumziko. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi pembezoni mwa Dar es Salaam. Tulipouliza kikaoni kata yetu itahitaji vyumba vingapi, ofisa kutoka halmashauri alitujibu tusubiri maelekezo. Hadi leo tunasubiri.

Nendeni mkaione sekondari ya kata yetu ilivyo sasa, kabla ya mkupuo wa pili. Mkondo mmoja wa kidato cha kwanza unasomea maabara. Meza zake ni za zege, hazina pa kuingiza miguu, kwa hiyo watoto wanakaa kiubavu na kuandika wakiwa wamepinda mgongo, daftari likiwa pembeni ya sinki. Nyuma ya jengo hilo kuna boma la madarasa mawili tulilolijenga kwa michango yetu. Lilifika kwenye linta, tukaahidiwa kuezekewa. Nondo zimeshika kutu na tofali za juu zimeanza kumeguka kwa mvua. Mzazi aliyetoa mfuko wake wa saruji hapo atachangia tena kwa moyo gani?

Tunajua kinachotokea hesabu zikifanywa kwa kuchelewa. Desemba 2020 watoto 74,166 waliofaulu darasa la saba hawakupangiwa shule kwa sababu vyumba havikutosha, ikabidi wasubiri chaguo la pili wakati wenzao wameshaanza masomo. Serikali iliamka. Kwa fedha za UVIKO-19 yakajengwa madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari, na mwaka 2022 yakaongezwa 8,000 kwa shilingi milioni 20 kila moja. Nashukuru kwa dhati, watoto wa mtaa wetu wamesoma humo. Lakini ile ilikuwa kazi ya mbio, mafundi wakigombaniwa na walimu wakuu wakikesha kwenye ujenzi badala ya kufundisha.

Mwaka wa fedha 2027/28 utaanza Julai 2027. Halmashauri ikingoja bajeti hiyo, itabakiwa na miezi sita tu, na humo humo kuna taratibu za manunuzi na mvua za vuli. Fedha za kwanza zilipaswa kutengwa mapema zaidi, kutoka mapato ya ndani, hata kama ni za kuezeka maboma pekee.

Tena darasa si kuta. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na sekondari yetu haijafika hapo hata kwa wanafunzi iliyonao. Walimu wa hisabati na fizikia tunawapata kwa kujitolea, wengine wakilipwa posho na wazazi. Kuhusu ardhi nasema kwa uchungu: viwanja vinapimwa na kuuzwa, nyumba zinaota kila upande, na eneo la shule mpya hatujaonyeshwa.

Upo unafuu mmoja ambao sijausikia ukijadiliwa. Darasa la saba likiondoka, shule za msingi zitabaki na vyumba vilivyokuwa vya darasa hilo. Pale ambapo msingi na sekondari zinapakana, vyumba hivyo vingeweza kubeba baadhi ya mikondo ya kidato cha kwanza kwa muda. Shule yenye zamu mbili haitakuwa na nafasi ya kutoa, na ndiyo maana tunataka hesabu ya kila shule, wala si wastani wa wilaya.

Halmashauri itutajie kata kwa kata: watoto wangapi watahitimu 2027, vyumba na vyoo vingapi vipo, vingapi vinapungua, na fedha zitatoka wapi. Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi. Tunaomba jambo hili liwe ajenda ya mkutano ujao, na takwimu hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi zote za mitaa kabla ya siku hiyo, ili tuingie ukumbini tukiwa tumezisoma.

Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule,
Dar es Salaam