Gunia Lenye Kilemba



Ndugu waamini na viongozi wa jumuiya, kiangazi hiki kimewakuta wakulima wetu mikono mitupu. Kuanzia Mang'ula hadi Mlimba udongo umepasuka, mvua za kupandia bado, na mwenye trekta anataka kulipwa kabla hajaingia shambani. Ndipo anapotokea mwenye fedha. Hutoa fedha leo ili alipwe magunia ya mpunga wakati wa mavuno, kwa bei anayoipanga yeye, siku ambayo mkopaji hana chakula ndani. Mpunga haujapandwa, nao umekwisha kuuzwa.

Mavuno yakifika, deni hilo hupimwa kwa lumbesa. Kila mmoja wetu analijua gunia hilo: hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba, nalo likahesabiwa kuwa gunia moja. Kilemba hakilipiwi. Sheria ya Vipimo inakataza jambo hili. Gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo tangu mwaka 2002. Hata hivyo lumbesa hupakiwa mchana kweupe.

Tunaambiwa kwamba huo ndio utaratibu wa soko. Zamani tuliambiwa pia kwamba bei ni ndogo kwa sababu ya kivuko. Daraja la Mto Kilombero likafunguliwa mwaka 2018, na kilemba kikabaki palepale juu ya gunia.

Hatusemi kwamba mnunuzi ndiye chanzo cha kila dhiki. Mwaka 2013 mchele wa nje uliruhusiwa kuingia nchini bila ushuru, na bei ya mkulima ikaporomoka. Lakini sera hutungwa mbali. Kilemba hushonwa hapahapa, na mikono tunayoifahamu. Baadhi ya mikono hiyo hupokea Komunyo pamoja nasi. Nabii Amosi aliwakemea wachuuzi wa nafaka waliongoja Sabato ipite ili wapunje. Hao walipunguza kipimo walipouza. Hawa wetu hukiongeza wanaponunua. Dhambi ni ileile.

Wala sisi mapadre tusijitoe. Katika misa za mavuno tumepokea magunia mbele ya altare bila kuuliza yalipatikanaje. Tulishukuru, tukayabariki.

Kwa hiyo tunataka kila kigango kiwe na mizani yake kabla ya mavuno yajayo, hata kama ukarabati wa paa utangoja. Na kila mkopo wa kiangazi uandikwe kwa kilo, si kwa gunia, mbele ya mashahidi wa jumuiya. Asiyetaka kuandika kilo awaeleze wanajumuiya sababu yake. Majina ya mashahidi, wawili kwa kila jumuiya, yafike parokiani kabla ya Dominika ya kwanza ya Majilio.