"Rezo haiko" si jibu

Katika kitivo chetu kuna sentensi moja inayotumika kueleza magonjwa yote ya kompyuta: "Rezo haiko." Ukurasa ukikataa kufunguka, rezo. Kitufe cha kuhifadhi marejeo kikitoweka juu ya kivinjari, rezo. Onyo jekundu likijaza kioo chote, rezo. Saa moja ikipita, na mwenzako wa benchi la pili akawa anasoma ukurasa uleule bila taabu, inakuja sentensi ya pili: "Peleka wakafomate." Kati ya sentensi hizo mbili hakuna kitu. Hakuna swali wala jaribio.

Kwa maoni yangu pengo hilo ni la lugha kabla ya kuwa la ufundi, na kitivo cha lugha hakiwezi kusema halikihusu. Neno moja linapobeba hitilafu kumi tofauti, linakuwa halielezi hata moja. Gharama yake tunaijua. Anayefomate mashini kwa sababu kiendelezi kimoja kimegoma anaweza kupoteza rekodi za wazee alizozikusanya kijijini kwa miezi, pamoja na sura mbili za kazi yake ya kumaliza masomo, kisha ananunua mega upya kupakua programu zote alizokuwa nazo jana. Sasisho alilolikwepa kwa kuogopa gharama lilikuwa la makumi ya mega. Kurudisha mfumo mzima kunaweza kula giga kadhaa.

Nieleze kwanza ninachokizungumzia, kwa sababu wengi tunaita vyote "Google". Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za mtandao: Chrome, Firefox, Opera na nyingine. Kiendelezi ni kiprogramu kidogo kinachopachikwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea kazi: kuzuia matangazo, kusahihisha tahajia, kupeleka marejeo kwenye Zotero. Kila kimoja kina mtengenezaji wake na husasishwa kwa wakati wake. Ndiyo maana siku moja hupishana: kivinjari kimebadilika usiku, kiendelezi hakijabadilika, na asubuhi kitu kilichokuwa kinafanya kazi hakifanyi tena.

Tuangalie mfano uliogusa dunia nzima. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 4 Mei 2019, viendelezi vya watumiaji wa Firefox vilianza kuzimika. Kimoja baada ya kingine vilipewa alama ya kwamba haviwezi kuthibitishwa. Watu walilaumu mtandao, wakalaumu virusi, wakalaumu sasisho la mwisho. Sababu haikuwa hata mojawapo ya hizo. Kila kiendelezi cha Firefox hutiwa saini ya kidijitali, na saini hiyo hutegemea cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Cheti kimoja cha katikati kilifika mwisho wake, na Mozilla, wenye Firefox, hawakuwa wamekihuisha. Kivinjari hukagua saini hizo mara moja kwa siku, hivyo tatizo halikuwapata wote kwa wakati mmoja: wa kwanza alipoteza viendelezi usiku, jirani yake mchana. Kwa mtu aliyezoea kusema "rezo", hali hiyo ilifanana kabisa na rezo.

Jambo la kujifunza zaidi ni onyo ambalo Mozilla walilitoa siku hizo. Waliwaomba watumiaji wasifute viendelezi na kuvipachika upya, kwa kuwa kufuta kiendelezi kunafuta pia data iliyohifadhiwa ndani yake, ilhali kukizima na kukiwasha hakupotezi chochote. Toleo lililorekebishwa, 66.0.4, lilitoka tarehe 5 Mei. Wengi waliosubiri walirudishiwa viendelezi vyao. Aliyekimbilia kung'oa alipata kivinjari kizima chenye viendelezi vitupu. Na kwa wengine hasara haikuwa ya kumbukumbu tu: Kivinjari cha Tor, kinachotumiwa na waandishi wa habari na watu wanaohitaji kujificha, kimejengwa juu ya Firefox, nacho kilipoteza kwa muda kiendelezi chake cha NoScript kinachozuia hati hatari za kurasa.

Najua jibu la wengi: basi tufunge masasisho, tubaki na toleo tulilolizoea, na mega zetu zibaki mfukoni. Ni hoja yenye uzito kwa mtu anayenunua intaneti kwa vipande vya siku moja, na siidharau. Lakini ukweli haukuiunga mkono. Tarehe 14 Machi 2025 cheti kingine cha Firefox, safari hii cheti cha mzizi, kilifika mwisho wake. Mozilla walikuwa wametangaza mapema. Walioathirika walikuwa ni wale hasa waliobaki na matoleo ya zamani, yaliyo chini ya 128, au chini ya 115.13 kwa tawi la matoleo ya muda mrefu. Waliosasisha hawakuona kitu. Yaani mwaka 2019 kusasisha hakukuwa kosa, na mwaka 2025 kutosasisha ndiko kulikozima viendelezi.

Hapa ndipo tunapohitaji sarufi kidogo. "Baada ya sasisho" si sawa na "kwa sababu ya sasisho". Tunawasahihisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kuchanganya viunganishi hivyo viwili katika insha, kisha sisi wenyewe tunavichanganya mbele ya mashini. Chukua mfano wa saa. Kompyuta nyingi tunazozitumia Kolwezi zimefika hapa zikiwa zimekwisha tumika kwingine. (Kobalti iliyofanya jina la Kasulo litembee duniani tangu mwaka 2014, pale ilipogunduliwa chini ya nyumba za watu, hutumika katika betri za vifaa kama hivi, hutoka hapa ikiwa udongo na kurudi ikiwa mtumba.) Ndani ya mashini hizo kuna betri ndogo bapa inayotunza saa. Ikifa, na betri kubwa nayo ikiwa imechoka, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Kivinjari kinalinganisha tarehe hiyo na vyeti vya tovuti, kinaona vyeti ambavyo siku yake ya kuanza "haijafika", na kinakataa karibu kila ukurasa salama kwa onyo kwamba muunganisho si wa faragha. Ikitokea kwamba jana kulikuwa na sasisho, lawama zote zinaangukia sasisho. Dawa yake ni kurekebisha tarehe, na baadaye kubadilisha betri ndogo.

Zipo pia nyakati ambapo sasisho ndilo lenye hatia, na hapo tutofautishe hitilafu na uamuzi. Tarehe 14 Novemba 2017 Firefox 57 iliacha kabisa mfumo wa zamani wa viendelezi. Havikuharibika; viliachwa. Zotero, ambayo wengi wetu tunaandikia nayo marejeo, ilikuwa imeishi ndani ya Firefox, na miezi michache kabla ya hapo ilihamia kuwa programu inayojitegemea. Vivyo hivyo kati ya mwaka 2024 na 2025 Google walibadilisha kanuni za viendelezi vya Chrome, na uBlock Origin, kizuia matangazo mashuhuri, kikazimwa. Kuna toleo lake jepesi linalofuata kanuni mpya, lenye uwezo mdogo zaidi. Hapo huwezi "kutengeneza" kitu, hata ukifomate mara tatu. Unaweza kukubali toleo jepesi, au kuhamia Firefox ambako kizuizi kamili bado kinaruhusiwa. Mimi nadhani uamuzi ule wa Google uliwaumiza zaidi wanaolipia kila mega, kwa sababu tangazo la video huliwa kutoka mfukoni mwa msomaji. Lakini ili mtu alalamike vizuri lazima kwanza ajue kwamba analalamikia uamuzi, si rezo.

Mashini za Windows 7 na 8 ziko katika hali hiyohiyo. Chrome 109 ya Januari 2023 ilikuwa ya mwisho kwao. Mwanafunzi anayeona tovuti zinavunjika moja baada ya nyingine kwenye mashini hiyo hana ugonjwa wa jana. Ana kivinjari kilichosimama wakati dunia inatembea. Firefox ya tawi la 115 iliendelea kuzihudumia mashini hizo baada ya Chrome kuondoka, na hilo lingepaswa kujulikana na kila anayetoza pesa kwa kufomate.

Basi mtu afanye nini? La kwanza ni kazi yetu ya kila siku: kunukuu. Katika mbinu za utafiti wa nyanjani tunafundishwa kuandika alichokisema msemaji kama alivyokisema, hata kama hatukielewi, bila kumsahihisha. Mashini inapozungumza tunasahau somo hilo. "Imesema nini?" "Imekataa." Imekataa nini? Kitenzi kimebaki bila yambwa. Ujumbe ulikuwa na sentensi nzima, pengine na msimbo wa herufi kubwa chini yake, na msimbo huo ndio ungemwambia mtu mwenye ujuzi kama tatizo ni saa, cheti, anwani au kiendelezi. Tunaufunga kabla ya kuusoma, eti kwa sababu umeandikwa Kiingereza. Sisi! Kitivo cha lugha!

Baada ya kunukuu, ni kutenganisha. Fungua ukurasa uleule kwenye simu kwa muunganisho uleule: ukifunguka, rezo iko, acha kuitaja. Fungua kwa kivinjari kingine katika mashini ileile: ukifunguka, mashini ni nzima na kosa liko ndani ya kivinjari cha kwanza. Tazama saa na tarehe. Kisha fungua dirisha fiche la Chrome, ambamo viendelezi havifanyi kazi isipokuwa umeviruhusu. Ukurasa ukikubali humo, washukiwa wamebaki viendelezi pamoja na vidakuzi na akiba ya kurasa za zamani. Firefox ina hali ya utatuzi kwenye menyu ya msaada, inayowasha kivinjari huku viendelezi vyote vimezimwa kwa muda, bila kufuta kitu.

Ukiwa na viendelezi vinane na humjui mwenye kosa, usivipekue kimoja kimoja. Zima vinne. Tatizo likiisha, yumo katika vinne hivyo. Lisipoisha, yumo katika vilivyobaki. Gawa tena viwili kwa viwili, kisha kimoja kwa kimoja. Majaribio matatu yametosha, almradi mkosaji ni mmoja. Nasisitiza neno zima. Kiunganishi cha Zotero unaweza kukiondoa bila hasara kwa sababu maktaba yako iko ndani ya programu yenyewe, lakini kiendelezi cha kuandikia madokezo huenda kimeweka kila kitu ndani ya kivinjari, na ukikifuta umezika na madokezo yako.

Hayo yote yanatosha kwenye karatasi moja ukutani, na swali langu kwa walimu wetu ni kwa nini karatasi hiyo haipo kwa Kiswahili. Isiseme mtu kwamba Kiswahili hakina maneno. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima za ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Imetambulishwa kwa msimbo wa Tanzania, ndiyo maana Kiswahili chetu cha Lualaba kinapigiwa mstari mwekundu kana kwamba tumekosea kuzaliwa. Chrome yenyewe inaweza kuonyesha menyu kwa Kiswahili, ikiwa na vivinjari, viendelezi, vidakuzi na hali fiche.

Kuhusu maneno gani tuchague, najua kuna wanaopendelea kisakuzi badala ya kivinjari, na kuna wanaosema hapa kwetu kila mtu hutumia neno la Kifaransa, kwa hiyo tuliache. Mimi ningechukua yale yaliyomo kwenye menyu ya Chrome hata pale yasiponifurahisha masikioni, kwa sababu anayesoma karatasi atayaona yaleyale kwenye kioo chake. Rezo na mega yabaki kama yalivyo; yamekwisha kuwa yetu. Ila rezo lirudi kwenye maana yake, yaani mawimbi na muunganisho basi.

Darasa la tafsiri hutafuta maandishi ya mazoezi kila muhula na mara nyingi hupewa vipande vya magazeti ambavyo hakuna atakayevisoma baadaye. Lipewe karatasi hii. Liandike maswali saba kwa Kiswahili kinachosemwa Kolwezi, liyajaribu kwa wanafunzi wa vitivo vingine ambao hawajawahi kusikia neno kiendelezi, lirekebishe pale watakapokwama. Swali la kwanza naweza kulitoa mimi: "Mashini imesema nini, neno kwa neno?"