Poloni ya Johannesburg: Nani Hulipa Gharama ya Ubora Mbovu?

Niko Johannesburg, kwa mwanangu. Tukenda dukani, mkwe wangu hulipita friji la poloni, ile soseji nene ya kukata vipande, bila ya kulitazama. Hajasahau 2018.

Januari mwaka ule watoto 9 wa chekechea moja ya Soweto walifikishwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath, wana homa na matumbo. Maafisa wa afya wakachukua poloni ya chekechea ile, na maabara ikakuta listeria, bakteria anayezaana hata kwenye baridi ya friji. Machi 4, Waziri wa Afya Aaron Motsoaledi alitangaza kuwa chanzo ni kiwanda cha Enterprise, Polokwane, mali ya Tiger Brands ya hapa Johannesburg. Wagonjwa waliothibitishwa walifika 1,060. Waliofariki 216, wakiwemo vichanga wengi.

Nimesomesha hesabu, basi tupige hesabu. Wenye viwanda huigawa gharama ya ubora mafungu manne: kuzuia, kama kusafisha mashine, kukagua, kama vipimo vya maabara, hasara ya ndani, yaani kibovu kilichotupwa kabla ya kutoka getini, na hasara ya nje, kilichokwisha mfikia mnunuzi. Mafungu mawili ya mwanzo huonekana vitabuni kila mwezi. Kwa hivyo meneja akiambiwa abane matumizi, kisu huanzia hapo. La nne halionekani mpaka siku ya siku: mizigo kurudishwa, milango kufungwa, mahakama. Kesi ya pamoja iliruhusiwa hapa Johannesburg Desemba 2018.

Na serikali nayo ilichelewa kuhesabu. Kabla ya Desemba 2017, daktari Afrika Kusini hakulazimika kuripoti listeria. Usichokihesabu utakipunguza vipi?

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutwambia ukuta hujengwa kwa pesa za nani. Hapa aliyeanza kulipa ni mama aliyezika kichanga, na hakuna kitabu cha kiwanda chenye mstari wake.

Nyinyi wa Ghuba, chakula chenu kingi hutoka nje. Mkisikia bidhaa imerudishwa, rudisheni, wala msione ni usumbufu. Kiwanda cha kuogopa zaidi ni kile kisichopima.